Kwa Nini Vietnam Imesamehe na Iran Haijasahau

Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya Pew iliwauliza watu wa mataifa mengi kama wanaiona Marekani vizuri au vibaya. Nchini Vietnam asilimia 84 walijibu kwamba wanaiona vizuri. Uturuki, mwanachama wa NATO tangu 1952, waliojibu hivyo walikuwa asilimia 18 tu. Jordan, ambayo bajeti yake huegemea sana misaada ya Washington, ilikuwa chini zaidi, asilimia 15.

Matokeo hayo yanatikisa maelezo mawili yaliyozoeleka. Ya kwanza husema chuki hutokana na damu iliyomwagika. Lakini kama ingekuwa hivyo, Vietnam ndiyo ingeongoza. Vita vyake viliua watu wasiopungua milioni moja, na makadirio mengine hufika milioni tatu. Kati ya 1961 na 1971 ndege za Marekani zilinyunyiza zaidi ya lita milioni 70 za kemikali za kuua mimea juu ya misitu na mashamba, na sumu ya dioksini iliyobaki ardhini inaendelea kuwatesa watu ambao wazazi wao walikuwa bado wadogo vita vilipokwisha. Maelezo ya pili, aliyoyatoa Rais George W. Bush mbele ya Bunge la nchi yake mwezi Septemba 2001, ni kwamba maadui wanachukia uhuru wa Wamarekani. Bush alikuwa akiwazungumzia al-Qaeda, na kwa al-Qaeda huenda kuna ukweli fulani. Ila hayo hayamhusu mwalimu wa Ankara anayepiga kura, anayesoma gazeti alitakalo, na bado anaikasirikia Washington.

Inabidi kutafuta chanzo kingine. Ukizipitia nchi moja baada ya nyingine, kinachojitokeza mara kwa mara ni jambo ambalo idadi ya maiti haiwezi kulipima: je, watu wa nchi ile walipoiambia Marekani "hapana", walisikilizwa?

Wavietnam walisikilizwa, ingawa kwa gharama ya kutisha. Mwaka 1973 majeshi ya Marekani yaliondoka, na tarehe 30 Aprili 1975 Saigon ikaanguka. Mshindi hana haja ya kubeba kinyongo kwa muda mrefu. Miaka minne baadaye jeshi la China lilivuka mpaka wa kaskazini, na tangu hapo hofu kubwa ya Hanoi imekuwa jirani huyo. Uhusiano wa kibalozi na Washington ulirejea 1995, biashara ikakua hadi Marekani ikawa soko kubwa kuliko yote la bidhaa za Vietnam, na kati ya 2012 na 2018 fedha za Marekani zilisafisha udongo wenye sumu katika uwanja wa ndege wa Da Nang. Hatua hiyo ilichelewa mno na haikutosha, lakini ilikuwa kazi ya mikono, yenye matrekta na tanuri za kuchoma sumu, na watu waliiona.

Iran ilipita njia nyingine kabisa, na inafaa kusimuliwa kwa kirefu kwa sababu mwanzo wake ulikuwa urafiki. Mwaka 1909 kijana Mmarekani, Howard Baskerville, aliyekuwa mwalimu katika shule ya wamisionari mjini Tabriz, aliuawa akipigana upande wa Wairani waliodai katiba. Miaka miwili baadaye Bunge la Iran lilimwajiri Mmarekani mwingine, Morgan Shuster, asimamie hazina ya taifa. Alifanya kazi hiyo kwa uaminifu kiasi kwamba Urusi ililazimisha afukuzwe, Uingereza ikiunga mkono. Wairani waliokuwa wakibanwa na mabeberu wawili waliiona Marekani kuwa taifa la mbali lisilo na tamaa na ardhi yao.

Mwaka 1951 Waziri Mkuu Mohammad Mosaddegh alitaifisha mafuta yaliyokuwa mikononi mwa kampuni ya Waingereza. Bunge lilimuunga mkono, na umma ukafurika barabarani kumshangilia. Tarehe 19 Agosti 1953 alipinduliwa katika operesheni iliyopangwa na majasusi wa Uingereza na wa CIA, ikisimamiwa mjini Tehran na Kermit Roosevelt, mjukuu wa Rais Theodore Roosevelt. Shah Mohammad Reza Pahlavi alirudi kutoka ughaibuni na kutawala kwa miaka 25 mingine. Polisi wake wa siri, SAVAK, waliundwa na kufunzwa kwa msaada wa CIA. Mwaka 1964 ikapitishwa sheria ya kuwakinga wanajeshi wa Marekani na wategemezi wao wasishtakiwe katika mahakama za Iran. Shehe mmoja wa Qom alisimama kuilaani sheria hiyo na akafukuzwa nchini. Shehe huyo alikuwa Ruhollah Khomeini.

Mmarekani wa kawaida huanza kuihesabu historia hii tarehe 4 Novemba 1979, wanafunzi walipouvamia ubalozi wa nchi yake mjini Tehran na hatimaye kuwashikilia watu 52 kwa siku 444. Kwake yeye hicho ni kitendo cha wendawazimu kilichoibuka bila sababu. Kwa wanafunzi wale, Shah alikuwa amepokelewa Marekani kwa matibabu wiki mbili tu kabla, na ubalozi ulikuwa ndiyo nyumba ambamo mapinduzi ya 1953 yalipikwa. Kuteka wanadiplomasia ni kosa na kulibaki kuwa kosa. Lakini hofu iliyowasukuma vijana wale ilikuwa na ushahidi ambao Washington ilikuwa haijaukiri. Ilipita hadi Machi 2000 ndipo Waziri wa Mambo ya Nje Madeleine Albright akasema hadharani kwamba nchi yake ilishiriki kwa kiasi kikubwa kumwangusha Mosaddegh.

Kati ya 1979 na 2000 likatokea jambo ambalo nje ya Iran halikumbukwi sana. Tarehe 3 Julai 1988 manowari ya Marekani USS Vincennes iliitungua ndege ya abiria ya Iran Air iliyokuwa ikielekea Dubai, na watu wote 290 waliokuwamo wakafa, 66 kati yao watoto. Marekani ilisema iliidhania ndege ya kivita, na mwaka 1996 ikakubali kulipa dola milioni 61.8. Haikuomba radhi rasmi. Nahodha wa manowari hiyo alitunukiwa nishani kwa utumishi wake.

Watawala wa Tehran wameyatumia machungu haya kama mtaji, na wanaoumia zaidi kwa mtaji huo ni Wairani wenyewe: mwandishi anayekosoa serikali huitwa wakala wa Amerika, mwanamke anayevua hijabu huambiwa ametumwa na mabeberu. Hata hivyo, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, vijana wa Tehran walitoka usiku na mishumaa kuwaombolezea Wamarekani. Kauli mbiu za dola na moyo wa mwananchi si kitu kimoja, na mtu anayezipima nchi kwa kauli mbiu za maandamano ya Ijumaa atakosea mara nyingi.

Ramani ya Iran ilinakiliwa kwingineko. Guatemala, mwaka 1954, CIA ilimwondoa Rais Jacobo Árbenz aliyekuwa amegawa kwa wakulima ardhi iliyokaa bila kulimwa, ikiwamo ya kampuni ya ndizi ya United Fruit. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata, kuanzia 1960 hadi 1996, viliua watu wapatao 200,000, wengi wao Wamaya. Chile, tarehe 11 Septemba 1973, jeshi lilimpindua Salvador Allende baada ya miaka mitatu ambayo Washington ilitumia fedha na hila kuudhoofisha uchumi na utawala wake. Katika nchi zote mbili watu walikuwa wamepiga kura.

Msomaji wa Afrika Mashariki na Kongo hahitaji kwenda hadi Amerika ya Kilatini kuielewa hali hiyo. Patrice Lumumba alikwenda Washington Julai 1960, wiki chache baada ya uhuru, kuomba msaada wa kuwaondoa wanajeshi wa Ubelgiji. Rais Eisenhower hakuonana naye. Miezi miwili baadaye mwanakemia wa CIA, Sidney Gottlieb, aliwasili Léopoldville na sumu ya kumuulia Lumumba. Sumu hiyo haikutumika. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961 mikononi mwa wapinzani wake, maofisa wa Ubelgiji wakiwepo, na kamati ya Seneti ya Marekani ikaianika habari ya sumu mwaka 1975. Mobutu aliyetwaa madaraka kwa mtutu alipokewa Ikulu ya Marekani na marais mbalimbali, kuanzia Kennedy hadi Bush baba, huku barabara za Zaire zikimezwa na msitu.

Novemba 1964, wakati Mzee Jomo Kenyatta akiongoza kamati ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliyotafuta suluhu ya Kongo, na mazungumzo kuhusu mateka yakiendelea Nairobi kwenyewe, ndege za Marekani ziliwadondosha askari wa miamvuli wa Ubelgiji juu ya Stanleyville, Kisangani ya leo, kuwaokoa mateka wazungu. Maisha mengi yaliokolewa. Lakini Waafrika walioambiwa kwamba wanaaminiwa kama wapatanishi waliona jinsi neno lao lilivyopita bila uzito. Tanzania ilikuwa tayari na mashaka yake. Zanzibar, mwezi Aprili mwaka huohuo, Sheikh Abeid Amani Karume alikuwa ameamuru kifungwe kituo cha Tunguu kilichotumiwa na Marekani kufuatilia vyombo vya anga vya Mercury, na Januari 1965 serikali ya Mwalimu Nyerere iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani.

Hoja hii ina mitihani yake, na mgumu zaidi ni Ufilipino. Marekani iliitawala nchi hiyo kikoloni baada ya vita vya umwagaji damu vilivyoanza 1899, kisha ikamkumbatia dikteta Ferdinand Marcos kwa miongo miwili. Kwa kipimo cha Iran, Wafilipino wangepaswa kuwa wakali kuliko wote. Badala yake huwa miongoni mwa marafiki wakubwa wa Marekani duniani. Wana ndugu mamilioni ng'ambo ile, na wanaiogopa China katika bahari yao. Lakini pia, umma ulipojaa barabara ya EDSA Februari 1986, Washington iliachana na Marcos na kumsafirisha hadi Hawaii. Na mwaka 1991 Seneti ya Manila ilipopiga kura 12 kwa 11 kukataa kurefusha mkataba wa kambi za jeshi, Wamarekani walifungasha wakaondoka. Korea Kusini nako hasira iliyowaka baada ya mauaji ya Gwangju ya 1980 ilipungua makali kadiri Wakorea walivyopata demokrasia na uwezo wa kubishana na mshirika wao mezani.

Okinawa inaonyesha upande wa pili. Japani ni nchi ya kidemokrasia na rafiki wa Marekani, lakini visiwa hivyo vyenye asilimia 0.6 tu ya ardhi ya taifa vinabeba takriban asilimia 70 ya eneo linalotumiwa na kambi za Marekani pekee nchini humo. Mwaka 1995 wanajeshi watatu walimteka na kumbaka msichana wa miaka 12, na makumi ya maelfu ya wakazi wakaandamana. Februari 2019 wakazi hao waliulizwa kwa kura kama wanautaka uwanja mpya wa kijeshi wa Henoko, na zaidi ya asilimia 70 ya waliopiga kura walikataa. Kazi ya kuijaza bahari kwa udongo iliendelea. Katika kisa hiki Tokyo ina lawama sawa na Washington, jambo ambalo watu wa Okinawa wanalijua vizuri sana.

Uturuki pia ina kumbukumbu zake. Mwaka 1964 Rais Johnson alimwandikia Waziri Mkuu İsmet İnönü barua kali ya kumzuia asiingilie Cyprus, na Waturuki wanaizungumzia hadi leo. Tarehe 1 Machi 2003 Bunge lao lilikataa kuwaruhusu wanajeshi wa Marekani kuivamia Iraq kupitia ardhi yao. Miezi minne baadaye, huko Sulaymaniyah, wanajeshi wa Marekani waliwakamata askari wa Uturuki na kuwavisha mifuko vichwani kama magaidi. Hakuna aliyekufa siku hiyo. Fedheha ile ilitosha kuzaa filamu iliyojaza kumbi za sinema mwaka 2006.

Vita vya Iraq vyenyewe viliporomosha heshima ya Marekani kuliko tukio lolote la kizazi hiki. Tarehe 15 Februari 2003 mamilioni waliandamana katika mamia ya miji, Roma, London na Madrid zikiongoza, na vita vikaanza mwezi uliofuata. Silaha za maangamizi zilizodaiwa hazikupatikana. Kisha, Aprili 2004, zikaja picha za gereza la Abu Ghraib. Wachambuzi Peter Katzenstein na Robert Keohane, katika kitabu walichohariri mwaka 2007, walieleza kwamba kuna chuki za aina nyingi dhidi ya Marekani, na mojawapo ni ya watu wanaoamini yaleyale ambayo Marekani inasema inayaamini. Hao ndio walioumizwa na Abu Ghraib. Hawakutarajia lolote jema kutoka kwa Saddam.

Hapo ndipo msemo wa mkuki kwa nguruwe unapopata mahali pake. Marekani haimo katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na sheria yake ya 2002 inampa rais ruhusa ya kutumia kila njia kumkomboa Mmarekani atakayeshikiliwa na mahakama hiyo. Mahakama hiyo ilipotoa hati ya kumkamata Vladimir Putin Machi 2023, Rais Biden alisema ilikuwa na haki. Lakini mwendesha mashtaka Fatou Bensouda wa Gambia aliwekewa vikwazo mwaka 2020 kwa kuvichunguza vita vya Afghanistan, na mrithi wake Karim Khan akawekewa Februari 2025, miezi michache baada ya hati dhidi ya Benjamin Netanyahu. Juni 2025 wanachama 14 kati ya 15 wa Baraza la Usalama waliunga mkono azimio la kusitisha vita Gaza, na kura ya turufu ya Marekani ikalizima. Katika miji yenye Waislamu wengi, kuanzia Jakarta hadi Mombasa, hakuna suala linaloamsha hasira kuliko hili la Gaza. Mombasa ina machungu yake ya ziada. Mkenya aliyekamatwa huko mwaka 2007 alipelekwa Guantánamo, akakaa humo hadi Desemba 2024, na akarudishwa nyumbani bila kufunguliwa shtaka hata moja.

Ipo pia hasira ya mfukoni, isiyopigiwa kelele lakini inayogusa watu wengi zaidi. Kati ya Machi 2022 na katikati ya 2023 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia tano ili kupoza bei za kwao. Dola zikakimbilia kwao, na shilingi ya Kenya iliyokuwa 113 kwa dola ikafika karibu 160 mapema 2024. Bei ya mafuta, unga na mbolea ikapanda, kwa sehemu kutokana na uamuzi ambao hakuna Mkenya aliyeshirikishwa kuufanya.

Kisa cha mitumba kilikuwa cha wazi zaidi. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo kuukuu sokoni ifikapo 2019 ili viwanda vya ndani vipumue. Chama cha wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani kililalamika, na Washington ikatishia kuziondoa nchi hizo katika AGOA, mpango wa kuuza bidhaa za Afrika Marekani bila ushuru. Kenya ilirudi nyuma mapema, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ilishikilia msimamo, na Julai 2018 nguo zake zikanyimwa nafasi ya kuingia Marekani bila ushuru. Ni kweli kwamba maelfu ya familia za masoko ya Gikomba (Nairobi) na Karume (Dar es Salaam) wanaishi kwa kufungua marobota, na wao hawakuutaka mpango ule. Lakini mjadala huo ulikuwa wa Waafrika Mashariki kuumaliza wenyewe.

Si kila chuki ina chanzo cha haki. Kabla Marekani haijawa na nguvu yoyote, wasomi wa Ulaya walikuwa tayari wanaidharau. Mwanasayansi Mfaransa Buffon alidai kwamba wanyama wa bara lile ni wadogo na dhaifu, hadi Thomas Jefferson akaagiza mzoga wa kulungu mkubwa wa kaskazini usafirishwe Paris mwaka 1787 kumthibitishia vinginevyo. Dharau ya namna hiyo bado ipo katika baadhi ya vikao vya wasomi wa Ulaya. Na zipo nadharia za njama zinazoua: wazazi wa Pakistan waliokataa chanjo ya polio kwa kuamini ni mpango wa Wamarekani wamewaacha watoto wao wapooze. Kinachosikitisha ni kwamba CIA yenyewe iliilisha hofu hiyo, ilipotumia kampeni ya uongo ya chanjo ya homa ya ini mjini Abbottabad mwaka 2011 kumsaka Osama bin Laden. Tangu Desemba 2012 wachanjaji wa polio, wengi wao wanawake, wamekuwa wakipigwa risasi. Ikulu ya Marekani iliahidi mwaka 2014 kwamba ujanja huo hautarudiwa.

Afrika kusini mwa Sahara kwa muda mrefu imekuwa tofauti. Tafiti za maoni zimeiweka Kenya na Nigeria miongoni mwa nchi zinazoiona Marekani vizuri, hata Ulaya ilipokuwa imeipa kisogo. Upendo huo ulistahimili hata tarehe 7 Agosti 1998, al-Qaeda walipolipua balozi za Marekani na kuua watu 213 Nairobi, 12 tu wakiwa Wamarekani, na wengine 11 Dar es Salaam. Sudan ilipokubali kutoa dola milioni 335 mwaka 2020, fedha hizo ziliwalenga Wamarekani na wafanyakazi wa balozi. Wakenya waliofukiwa katika jengo la Ufundi au waliokuwa wakipita barabarani hawakuwamo, na wanaendelea kudai.

Upendo huo ulijengwa na vitu viwili hasa. Kimoja ni mpango wa PEPFAR ulioanzishwa na Bush mwaka 2003, ambao dawa zake za kufubaza virusi vya UKIMWI zimewaweka hai mamilioni ya watu, kuanzia Kisumu hadi Mbeya. Kingine ni mlango wa kuingia Marekani: masomo, bahati nasibu ya green card, shangazi wa Minnesota anayetuma fedha. Mwaka 2025 vyote viwili vilibanwa kwa pamoja. Misaada ilisitishwa Januari, USAID ikafungwa rasmi Julai, na kliniki zilizozoea kupata fedha hizo zikaachisha kazi wahudumu kabla serikali hazijapanga la kufanya. Juni, marufuku ya kusafiri iliziangukia nchi 12 kikamilifu, Somalia ikiwemo, na nyingine saba kwa sehemu, Burundi ikiwa mojawapo. Hata Kanada, jirani wa amani kwa miongo mingi, ilizomea wimbo wa taifa wa Marekani katika viwanja vya magongo ya barafu baada ya kuambiwa iwe jimbo la 51.

Mwezi huohuo wa Juni, China ilitangaza kwamba iko tayari kufuta ushuru wa bidhaa kutoka nchi 53 za Afrika. Beijing nayo ina madeni inayoyadai na migodi inayoitaka, na haijazoea kuulizwa maswali na wakazi wa Kolwezi, mji wa migodi wa Kongo. Ila kwa kijana wa Bujumbura aliyezuiwa viza, au nesi wa Homa Bay aliyepoteza ajira, ulinganisho huo haukuhitaji kufundishwa na mtu.